Mawazo ya stori yananijia mengi mpaka simalizi hata moja, wenzangu mnafanyaje?

kalamu_nzito:
Jamani waandishi wenzangu naombeni msaada, nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi. Nakaa niandike sura ya nne ya riwaya yangu, ile ya mama anayerudi baada ya miaka 20 anakuta mwanawe anawaambia watu kwamba mama yake alishakufa, sasa nikifika tu pale wanapoonana mara ya kwanza linaingia wazo lingine la mlinzi wa usiku anayepigiwa simu kila saa tisa na anayepiga haongei, naliona lote mwanzo mpaka mwisho, basi namwacha mama namkimbilia mlinzi. Wiki mbili baadaye mlinzi naye kaachwa. Nina mafaili 11 hakuna lililofika sura ya tano. Usiku ndo yanazidi, naamka kuandika nikiogopa yatapotea. Na zote nazipenda, hilo ndo linaniumiza.

nuktapacha:
Pole sana ndugu yangu, nimepitia hayo karibu miaka mitatu. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Bluma Zeigarnik, mwaka 1927 aliripoti kwamba watu aliowapima walikumbuka zaidi kazi walizokatishwa kuliko walizomaliza, ingawa majaribio ya baadaye hayakupata hivyo kila mara, kwa hiyo huenda ndo maana hayo mafaili 11 yanakugongea kichwani usiku. Mimi wazo likija naliandikia mistari mitatu kwenye daftari: ni nani, anataka nini, nini kinamzuia. Basi. Ukiongeza wa nne ujue umeshaanza stori mpya. Halafu narudi palepale kwenye sentensi niliyoiacha. Ila kama unakosa usingizi siku nyingi mfululizo muone daktari, hilo usilipuuze.

msomaji_wa_usiku:
Daftari sawa, ila mimi nimesoma swali lako mara mbili na kuna kitu nimekiona. Umesema wazo la mlinzi liliingia pale mama na mwana wanapoonana. Hapo ndo pagumu kuliko pote kwenye riwaya yako! Wazo jipya ni tamu kwa sababu halijakudai kitu bado. Hebu fungua hayo mafaili uangalie kila moja limekatikia wapi. Na hiyo sura iandike hata vibaya, mama yuko mlangoni, mwana kashika kitasa, hakuna anayejua aanze vipi, waache wakae kimya ukurasa mzima kama hawana la kusema, utarekebisha baadaye.

kalamu_nzito:
Nimetoka kuyaangalia sasa hivi. Tisa kati ya 11 yamekatikia pale watu wawili wanapotakiwa kuambiana ukweli. Sikuwahi kuliona hili kabisa, asanteni.

wino_mbichi:
Nachelewa kidogo ila naomba niseme, sio kila wazo linalokatiza ni adui, mengine yanakuja kuisaidia stori uliyonayo. Huyo mlinzi anapigiwa simu saa tisa usiku na mtu asiyeongea, na huku una mama ambaye hajui atamwambia nini mwanawe. Vipi kama mlinzi ndo huyo mwana?

kalamu_nzito:
Nimesisimka mwili mzima. Basi mama amekuwa akipiga muda wote huo, na siku akibisha mlango mwana anaujua ule ukimya wake kabla hajaiona sura. Ngoja niiandike hiyo kabla ya kulala, nikikwama tena pale mlangoni nitarudi kuwauliza.