Mashine ya espresso (kahawa nzito ya kikombe kidogo) ya mtumba, kahawa inatoka chachu

Wakuu, niko Nyegezi, nimepata mashine ya mtumba nikabadilisha ule mpira wa kichwani, pale mkono wa kahawa unapofungwa, maana ulikauka ka jiwe, sasa haivuji ila kahawa inatoka chap sekunde 10 tu, chachu balaa. Shida nini?

Jibu: Mashine nzima hiyo mkuu, saga kahawa laini zaidi ili maji yasipite haraka. Gramu 18 za unga wa kahawa zitoe gramu 36 hivi za kahawa ya kunywa, sekunde 25 hadi 30.

Jibu: Na ukoko wa ndani, ule wa chokaa ya maji, umetoa? Pitisha maji yenye ndimu ya unga, suuza sana. Halafu changanya robusta (aina ya kahawa) ya Bukoba, povu linakuwa zito.

Muuliza: Sekunde 27 leo, weee! Ila mama watoto anasema ya mzee wa birika bado tamu zaidi 😂