Sungura wangu ana ngozi inayoning'inia kooni. Ni jipu au ni maumbile?

MamaVizimba, Kangemi

Hamjambo wafugaji. Nina sungura 11 nyuma ya nyumba. Mmoja wao ni jike mweupe wa aina ya New Zealand, mwanangu amempa jina Malkia. Amezaa mara nne na hajawahi kukanyaga hata mtoto mmoja. Sasa kwa miezi kama mitatu amefanya kitu kama mto chini ya kidevu. Akijikunja kulala, kidevu kinakaa juu yake. Dume hana.

Jirani anayekuja kuchukua mbolea amesema ni jipu, nimchinje kabla hajaambukiza wengine. Mwingine alifika na shilingi 600 mkononi. Malkia anakula vizuri, lakini jana nilikuta manyoya ya hapo yamelowa na yananuka. Sitaki kumpoteza kwa kubahatisha. Nani ameshaona hali hii?

Kijana wa Ruiru

Usimchinje mama! Majike wangu wote wakubwa wanayo. Zikibaki siku chache azae utamwona anang'oa manyoya ya hapo hapo na kutandikia watoto kwenye sanduku.

Mzee wa Mifugo

Mama, pole kwa wasiwasi. Nimetibu mifugo zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu, na swali hili nililisikia mara nyingi. Naomba ufanye jambo moja kabla ya kumsikiliza yeyote: mshike Malkia mapajani, umtulize, kisha upapase hiyo ngozi kwa vidole viwili.

Ikiwa ni laini, inateleza chini ya vidole, na imelala sawasawa kushoto na kulia, hiyo ni ngozi na mafuta tu. Majike huipata wakishapevuka, na huongezeka kwa mimba na kwa kunenepa. Jipu halina tabia hiyo. Hukaa upande mmoja, ni gumu, mara nyingi limeshikana na taya kwa sababu chanzo chake ni jino bovu, na mnyama huanza kuacha chakula. Likiwa jipu usilitoboe nyumbani. Usaha wa sungura ni mzito kama jibini, haukamuliki. Mpeleke kwa daktari.

Kinachonisumbua mimi ni huo unyevu. Unamnywesha kwa bakuli, sivyo? Kila akiinama, ngozi inazama majini, na ngozi isiyokauka huoza. Manyoya yakigeuka kijani ujue bakteria wameshaingia. Nyoa manyoya ya hapo taratibu, futa kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, kausha kabisa, na uweke chupa ya kunyonya. Punguza peleti, kile chakula cha vidonge cha dukani, ongeza nyasi kavu.

Nawasihi pia wenye mbuzi na kondoo wanaosoma hapa: msije mkasema "ah, ni maumbile" mkiona uvimbe chini ya taya la kondoo. Huo mara nyingi ni maji yaliyokusanyika kwa sababu ya minyoo wanaonyonya damu tumboni, au minyoo wa ini. Bonyeza kwa kidole, shimo litabaki. Geuza kope la jicho, utaona limepauka. Nimeona boma zima likiisha kwa sababu mwenyewe alidhani kondoo wake wamenenepa.

Msichana wa South B

Asante Mzee. Mimi hupita karibu na uwanja wa Nyayo kila asubuhi, na wale ndege wakubwa, marabu, juu ya migunga wana mfuko mwekundu unaoning'inia kifuani. Watu kwenye matatu husema wameficha takataka walizokula humo. Ni kweli?

Mzee wa Mifugo

Hapana binti yangu. Mfuko ule hujaa hewa, hauna chakula. Marabu huupuliza anapotaka kuonekana na wenzake, na humsaidia kupoa wakati wa jua. Na ukienda mbugani umtazame dume la pofu, yule swala mkubwa: ile ngozi ya shingo huendelea kukua kadiri anavyozeeka, hata madume wengine wanajua nani mkubwa wao. Ndiyo maana sipendi mtu aone ngozi imening'inia akimbilie kisu.

MamaVizimba, Kangemi

Mzee, Mungu akubariki. Nimempapasa jioni hii, mwanangu akiwa ameshika tochi. Ni laini pande zote mbili, kama ndewe la sikio. Kweli nilikuwa namnywesha kwa sufuria ya zamani. Chini ya manyoya ngozi ni nyekundu lakini haijachubuka, na kijani sijaona. Nimenyoa, nimeosha, nimekausha kwa kitambaa cha pamba. Chupa nitanunua kesho dukani kwa agrovet. Usiku huu nimeinua sufuria kwa matofali mawili ili asiiname.

Yule wa 600 nimemwambia Malkia hauzwi.

Mzee wa Mifugo

Vizuri sana mama. Mwangalie tena kila asubuhi kwa siku tano, na uandike hapa ukiona wekundu unaenea.