Tupeane uzoefu: Kompyuta mpakato mpya, spika ziko kimya na kibodi inaandika kisichobonyezwa

Mleta mada, Morogoro

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Kompyuta mpakato nyingi tunazoziita mpya zimekwisha kutumika Uingereza, Ujerumani au Dubai kabla ya kufika Kariakoo, na hata inayotolewa kwenye boksi mbele ya mnunuzi huwa imepangwa kwa ajili ya soko la nchi fulani. Ndiyo maana malalamiko ya kibodi na ya sauti hayaishi. Kwa maoni yangu, mengi kati ya hayo ni mipangilio wala si ubovu, na ni vyema mtu akaijua tofauti hiyo kabla mashine haijafunguliwa na fundi bila sababu. Aliyepitia jambo la namna hii naomba aeleze lilivyokuwa na lilivyokwisha.

Naanza na langu. Mashine niliyonunua ilitoka Ujerumani, ambako Z na Y zimebadilishana nafasi kwenye kibodi. Muuzaji alikuwa amebandika stika za herufi tulizozizoea juu ya vitufe, lakini ndani ya Windows mpangilio ulibaki wa Kijerumani. Katika Kiswahili kosa hili hujificha vizuri sana, kwa sababu ukiandika “barua za shule” unapata “barua ya shule”: kila neno ni sahihi, na barua nyingi zimekuwa moja bila mstari mwekundu wowote kukuonya. Niligutuka pale “wazazi” walipotoka “wayayi”.

Tiba ni kuingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya saa na lugha, kisha kuongeza kibodi ya Marekani chini ya lugha unayotumia. Kuongeza peke yake hakutoshi. Ile ya Kijerumani iondolewe kabisa, kwa kuwa ikibaki, kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na cha nafasi, au Alt pamoja na Shift, kunairudisha bila wewe kukusudia. Nywila yenye z au y ikikataliwa wakati wa kuingia, angalia pembe ya chini kulia ya skrini, ambako huandikwa kifupi cha lugha ya kibodi inayotumika, kisha ubonyeze alama ya jicho uone kilichoandikwa kweli.

Mchangiaji, Nairobi

Hamjambo nyote. Yangu ilitoka Uingereza, na dukani iliwekewa Windows upya kwa mpangilio wa Marekani. Herufi zote zilikaa mahali pake, hivyo sikuona kasoro hadi nilipotaka kuandika anwani ya baruapepe: kitufe chenye @ karibu na Enter kilitoa alama za kunukuu, na @ yenyewe ikapatikana kwa Shift na 2. Kibodi ya Uingereza hutambulika hata kabla ya kuiwasha mashine. Enter yake imesimama safu mbili, na Shift ya kushoto ni fupi ili kupisha kitufe kimoja zaidi. Ya Marekani ina Enter ya safu moja na Shift ndefu. Mnunuzi akikagua vitufe hivyo viwili dukani, atajua achague mpangilio upi.

Mchangiaji, Bujumbura

Kwetu hali ni kinyume. Ofisi nyingi hutumia kibodi ya Kifaransa, ambayo A iko mahali pa Q na Z mahali pa W, kwa hiyo mashine iliyopangwa Kimarekani ikiunganishwa na kibodi yetu hugeuza “watu” kuwa “zqtu”. Ninachotaka kuongeza ni kwamba mpangilio wa Ufaransa na wa Ubelgiji haulingani, ingawa herufi zake zimekaa sawa. Katika wa Ubelgiji, @ hupatikana kwa AltGr na 2, ilhali katika wa Ufaransa ni AltGr na 0. Mtu akichagua usio wake, ataandika barua nzima vizuri, kisha akwame kwenye anwani.

Mchangiaji, Zanzibar

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu na huandaa mitihani ya Kiswahili. Kwenye mashine mpya, kila nilipoandika “ng’ombe” nilipata “ngómbe”, na “kung’ang’ania” ikawa “kungángánia”. Nilishauriwa nibadilishe kibodi yenyewe, ushauri ambao haukuniingia akilini kwa kuwa kitufe kilifanya kazi. Sababu ilikuwa mpangilio uitwao United States-International, unaoshikilia alama ya ritifaa ukingoja irabu ili uifanye kuwa mkazo juu yake. Ukibonyeza kitufe cha nafasi baada ya ritifaa, alama hutoka peke yake, lakini hakuna mwandishi wa Kiswahili atakayevumilia hilo kwa kurasa nyingi. Chagua mpangilio ulioandikwa US bila neno la pili.

Mchangiaji, Arusha

Shikamoo mwalimu. Kwangu kibodi ilikuwa ikipuuza herufi nikiandika kwa haraka, na kila niliyemuuliza alisema ni vumbi. Kumbe mwanangu alikuwa ameegemea Shift ya kulia, na ikishikiliwa kwa sekunde 8 Windows hupendekeza kichujio cha vitufe kilichokusudiwa watu ambao mikono yao hutetemeka. Yeye alikubali kila alichoulizwa. Nilikizima katika sehemu ya ufikivu, kwenye mipangilio ya kibodi, na kasi ikarudi.

Mchangiaji, Mwanza

Niingie kwenye sauti. Baada ya kuwekewa Windows upya, alama ya spika ilikuwa na msalaba mwekundu na maelezo kwamba hakuna kifaa cha kutoa sauti. Dukani waliniambia spika zimekufa. Nilitilia shaka, kwa kuwa msalaba ule husema kwamba mfumo haukioni kifaa, na mfumo usio na draiva, yaani programu ndogo inayouunganisha na kifaa, hauwezi kukiona hata kikiwa kizima. Nilisoma namba ya mashine chini ya kava, nikaiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji, nikapakua draiva ya sauti iliyotajwa kwa ajili ya namba hiyo hasa, nikawasha upya, na spika zikalia. Nawasihi mjiepushe na zile programu zinazoahidi kutafuta draiva zote kwa mkupuo, maana nyingi huleta matangazo kuliko draiva.

Pale ambapo hakuna msalaba na sauti bado haitoki, bonyeza alama ya spika uone sauti inapelekwa wapi. Mashine iliyounganishwa na runinga kwa waya wa HDMI mara nyingi hupeleka sauti huko, hata kama runinga yenyewe imepunguzwa hadi sifuri.

Mchangiaji, Mombasa

Nami ninayo mambo mawili. Kwanza, hedifoni zangu za Bluetooth zilitoa muziki mzuri, lakini mkutano wa mtandaoni ukianza, sauti ikawa kama ya simu ya zamani. Hedifoni hazina kosa: katika Bluetooth ya kawaida, maikrofoni yake ikianza kutumika, sauti nzuri ya stirio hukatizwa na kuachwa ile nyembamba ya mazungumzo. Nilichagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe, na ubora ukarudi masikioni.

Pili, Windows ikitambua kwamba kuna simu, hupunguza sauti nyingine zote kwa asilimia 80 pasipo kuulizwa, na aliyepanga hivyo hakuwa mpenzi wa taarabu. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika mmsys.cpl, fungua sehemu ya Communications, kisha uchague mstari wa mwisho, unaoiagiza isifanye lolote.

Mchangiaji, Kampala

Kwa wanaotumia Linux badala ya Windows, sauti isipotoka: fungua dirisha la amri, andika alsamixer, na utazame chini ya kila mstari wa sauti. Palipoandikwa MM pamefungwa. Sogea hapo kwa mshale na ubonyeze M.

Mchangiaji, Dodoma

Ndugu zangu, naomba msaada. Mashine yangu ndogo inaandika namba. Nikiandika “mjukuu” inatoka 014244, ilhali “baba” inatoka vizuri.

Mleta mada, Morogoro

Ndugu yangu wa Dodoma, NumLock imewashwa. Kwenye baadhi ya mashine ndogo zisizo na safu ya namba upande wa kulia, M huwa 0, J, K na L huwa 1, 2 na 3, na U, I na O huwa 4, 5 na 6, ndiyo sababu “baba” imesalimika. Tazama pembeni mwa vitufe pameandikwa wapi NumLk, ushikilie Fn na ukibonyeze. Usipokiona, tafuta kibodi ya skrini ndani ya Windows, fungua chaguo zake, ruhusu safu ya namba ionekane, kisha uzime NumLock hapo.

Mchangiaji, Dodoma

Kitufe hicho hakipo kwangu, lakini kwa njia ya kibodi ya skrini “mjukuu” amerudi. Sasa imebaki taa ya rangi ya chungwa kwenye F4, na ninaowapigia hawanisikii.

Mchangiaji, Mwanza

Kama kwenye F4 pamechorwa maikrofoni iliyokatwa kwa mstari, taa hiyo inaonyesha kuwa imezimwa. Ibonyeze peke yake. Isipozimika, ibonyeze pamoja na Fn.