Naomba ushauri: nisahihishe vipi miradi hii 64 ya Java?

Mwl_Ngara: Hamjambo wanajamvi. Nafundisha kwa mkataba wa muda katika chuo kimoja hapa mjini, somo la programu za objekti, mwaka wa pili. Nina miradi 64 na alama zinatakiwa Ijumaa. Kazi ilikuwa moja kwa wote: mfumo wa kukata tiketi na kuhesabu nauli za sako ya matatu. Niliwatangazia mgawo: 40 programu ifanye kazi, 30 muundo wa klasi (vipande vinavyounda programu), 15 majaribio, 15 maelezo.

Sasa kuna mmoja ambaye mfumo wake haukwami popote, ila amerundika kila kitu kwenye klasi moja ya mistari 2,300. Mwingine ana muundo safi kabisa: klasi dhahania Gari, yaani ya jumla ambayo nyingine hurithi, chini yake Matatu, Basi na Teksi, kila moja na hesabuNauli() yake, data zote zimefungwa ndani, tiketi ameiandika kama record, njia fupi ya Java ya kuandika klasi ya kubeba data tu. Huyu wa pili ananinyima usingizi. Je, ni haki kuongeza maswali ya ana kwa ana sasa hivi, wakati hayakuwa kwenye mgawo?

Semikoloni: Huyo wa mistari 2,300 asiguse zile 30. Mwulize: sako ikinunua tuktuk kesho, atabadilisha sehemu ngapi? Akisema kumi na moja, basi hana objekti, ana lundo la "kama, kama, kama". Gari lijue lenyewe nauli yake. Hapo ndipo polimofizimu ilipo, amri moja na kila klasi inaitekeleza kwa namna yake, si kwenye ufafanuzi aliokariri.

Mama Pendo: Mwalimu, mhurumie huyo wa klasi moja. Mimi nilisoma diploma, kompyuta 12, sisi 50. Ulikuwa ukipata saa moja jioni unaandika mbio mbio kabla hujainuliwa kwenye kiti. Nani angefikiria muundo? Nilimaliza mradi wangu usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, stima zikapotea, nikaandika sehemu ya mwisho upya nikiwa nalia. Ilifanya kazi. Nilipewa 41 na sijasahau mpaka leo.

MtuWaGithurai: Swali dogo. Kuna mwanafunzi hata mmoja aliyekumbuka kwamba mvua ikinyesha nauli inapanda? Kama hakuna, wote waanguke, hawajawahi kupanda matatu.

BintiKibra: Mwalimu, unatujibisha kuhusu wa klasi moja, lakini umesema wa pili ndiye anakunyima usingizi. Kazi safi inamnyima mwalimu usingizi kwa nini? Kuna jambo hujalisema.

Mwl_Ngara: Nashuku si kazi yake. Nimepitisha zote kwenye MOSS, programu ya kutafuta kazi zilizonakiliwa, haikuonyesha kitu.

Fundi wa Kodi: Haingeonyesha. MOSS iko tangu 1994 na ni chombo kizuri, lakini inalinganisha kazi ulizoipa, zenyewe kwa zenyewe. Kitu kilichonunuliwa mjini na mmoja tu haitakiona. Wewe umejuaje?

BintiKibra: Enhe. Umejuaje?

Mwl_Ngara: Kodi, yaani programu aliyoileta, niliiandika mimi. 2016 nilikuwa mwaka wa tatu, mkopo wa masomo umechelewa, nikawa nawaandikia watu miradi kwa shilingi 3,500. Kuna orodha nimeiita orodhaYaAbria. Niliruka herufi moja usiku wa manane na sikuwahi kuirekebisha. Juzi nikafungua faili la mwanafunzi, nikawakuta abria wangu wamekaa palepale.

Nimeshamwandikia 52 kwa penseli. Naona ni haki. Sifuri siwezi, maana ushahidi siwezi kuutoa. Themanini siwezi, maana najua. Na kabla hamjanishukia: sikuiba. Niliuza jasho langu, na siku hizo nilikuwa nalala njaa.

Mzee Baraka: Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kijana wangu, hiyo 52 ni alama ya uoga wako. Anayesahihishwa hapo ni nani, yeye au wewe? Kaungame kwa wakubwa wako.

MtuWaGithurai: Yaani miaka yote hiyo na bado hao abria hawajafika kwao.

Semikoloni: Ngojeni kidogo. Kwenye posti ya kwanza umesema tiketi imeandikwa kama record. Record iliingia rasmi katika toleo la Java 16, Machi 2021. Hiyo 2016 sote tulikuwa Java 8. Uliandikaje kitu ambacho hakijazaliwa? Wanajamvi, hii hadithi imetungwa.

Mama Pendo: Na mimi nimeshamwaga machozi yangu hapa bure?

BintiKibra: Mwalimu, jibu.

Mwl_Ngara: Semikoloni, asante, kweli. Imebidi nitafute flashi ya zamani. Tiketi yangu ilikuwa klasi ya kawaida, mistari 48, equals na hashCode, zile za kulinganisha tiketi, nimeandika kwa mkono. Yeye ameifuta akaweka record ya mstari mmoja. Nimeendelea kulinganisha: nauli yangu ilikuwa wazi, kila klasi inaigusa, yeye ameifunga. Na ana majaribio tisa ya JUnit, chombo cha kujaribu programu za Java. Mimi sikuwa na hata moja. Nilipoona neno abria nilisimama hapo, sikusoma zaidi.

Fundi wa Kodi: Basi sasa una kitu cha kupima. Tenganisha ulichouza na alichoongeza. Na usimwite yeye peke yake, utakuwa unamwinda. Waite wote 64, dakika kumi kila mmoja, ni kama saa kumi na moja, siku mbili. Swali moja kwa wote, lile la MtuWaGithurai: mvua inanyesha, nauli ipande, ongeza sasa hivi mbele yangu. Aliyeelewa ataongeza klasi mpya bila kuchokoa zile za zamani. Aliyenunua atatafuta pa kuanzia mpaka dakika ziishe. Lakini huyo mmoja usimpe alama wewe. Wewe una mkono ndani.

Mwl_Ngara: Mkataba wangu unaisha Agosti. Nikimwambia mkuu wa idara, nani ataurefusha? Si ningeweza tu kuwauliza wote na kunyamaza?

BintiKibra: Ungeweza. Na mwakani ataleta mwingine abria wako. Utampa 52 tena?

Mwl_Ngara: Narudi kuwaeleza. Jana jioni nilimwambia mkuu wa idara yote, na flashi nikampa. Hakusema mengi. Leo amekaa kando yangu pamoja na mwalimu mwenzangu, ambaye ndiye atakayetoa alama za huyo mmoja.

Kijana alitumia dakika saba. Aliunda NauliYaMvua, hakugusa Matatu wala Basi, majaribio yote tisa yakapita. Nikamuuliza kuhusu abria. Akasema alipewa kodi na binamu yake, na lile neno alidhani ni la kitaalamu, akaogopa kulibadilisha. Mwenzangu aliandika yote mawili. Yule wa mistari 2,300 alipata pa kuongeza mvua, lakini Basi likaacha kukata tiketi.

Leo tumemaliza 31. Ijumaa imesogezwa hadi Jumatatu. Kuhusu mkataba sijaambiwa lolote.

MtuWaGithurai: Mwalimu, ile flashi ukirudishiwa, ongeza hiyo i.