Msambweni: kura ni ya chama au ya mtu?

Mdigo wa Doha
Tangu Raila afariki Oktoba 2025, kila mwanasiasa anadai kura za Pwani ni zake. Mimi nauliza kuhusu jimbo letu la Msambweni, Kwale, peke yake. 2013 na 2017 tulimpa Suleiman Dori kiti cha ubunge kwa tikiti ya ODM, chama cha Raila. Alipofariki Machi 2020, uchaguzi mdogo tukampa Feisal Bader, mgombea huru, kura 15,251 dhidi ya 10,444 za Omar Boga wa ODM. 2022 Feisal akarudi na UDA, chama cha Ruto, akashinda, na siku hiyo hiyo Kwale ikampa Raila kura za urais kwa wingi. Je, chama kina nguvu gani kwetu? Na 2027 tutaelekea wapi?

Kusi
Jibu linajulikana. Msambweni haina msimamo. Atakayegawa leso na mia tano usiku wa kuamkia kura ndiye mbunge. Hata huyo Feisal aliletwa na Jubilee, chama cha Uhuru.

Mama Gazi
Wewe Kusi, hizo leso unazotutukania tunazipokea sisi, wanawake wa Gazi, Kinondo na Ramisi. Kuna uchaguzi mmoja niliwekewa leso za wagombea watatu mlangoni. Nikazikata, nikazipinda ncha, zikavaliwa harusini. Kura nilimpa wa nne, ambaye hakunipa hata uzi. Unadhani tukiingia kwenye kibanda tunaingia na leso?

Kusi
Mama, kwa hiyo unakubali ulipokea. Hapo ndipo penye ugonjwa.

Mama Gazi
Napokea, na nitapokea tena. Mtu aje kwangu mara moja kwa miaka mitano, nimrudishe na mzigo wake? Wewe ukialikwa chakula na mgombea mle hotelini Diani huwa unalipa?

Mwalimu wa Ramisi
Jamani, Kusi amekosea jambo la msingi. Jubilee haikuweka mgombea 2020. Iliiachia ODM kwa sababu ya maridhiano ya Uhuru na Raila. Aliyemuunga mkono Feisal ni Ruto, wakati huo naibu wa rais, naye hakuwa na chama cha kumpa, ndiyo maana kijana akasimama huru.

Nikirudi kwa swali la Doha: kugawanya kura ni jadi ya Kwale. 2007 upepo wa ODM ulikuwa mkali Pwani, Najib Balala wetu wa Pwani akiwa katika Pentagoni, kundi la vinara wa ODM, lakini jimbo jirani la Matuga lilimpa kiti Chirau Ali Mwakwere wa PNU, chama cha Kibaki. Korti ikafuta ushindi ule, Julai 2010 wakarudi debeni, akashinda tena. Salim Mvurya alikuwa gavana wa Kwale kwa ODM 2013, akahamia Jubilee 2017, na wananchi wakahama naye. 2022 tukampa Fatuma Achani ugavana kwa UDA na Issa Boy useneta kwa ODM, katika foleni moja. Urais tunaupigia upande tunaodhani utasikiliza kilio cha ardhi. Kiti cha chini tunampa mtu tunayejua nyumba yake.

Mnazi Mmoja
Mwalimu amesema vizuri, lakini mbona hatutaji Ukunda? Kura za Ukunda na Gombato Bongwe sasa ni za watu wa bara waliofuata mahoteli. Hao ndio wanaoyumbisha matokeo, si leso za akina mama.

Mzaliwa Ukunda
Mnazi Mmoja, mimi ndiye huyo mtu wa bara unayemsema. Baba alikuja kupika hotelini Diani kabla sijazaliwa. Nimezaliwa Ukunda, nimesoma Ukunda, nimemzika baba Ukunda. Sina kura nyingine popote duniani. Hoteli zikifungwa, mimi na jirani yangu Mdigo tunakaa kwenye steji moja ya bodaboda tukigombania abiria mmoja. 1997 nilikuwa mtoto, na najua familia zilizofunga mizigo zikarudi bara baada ya vurugu za Kaya Bombo, zilizowalenga watu wa bara. Ndugu, neno "watu wa bara" likiingia kwenye siasa za huku, sisi hatulali.

Mnazi Mmoja
Hakuna aliyetaja vurugu. Nimezungumzia hesabu za kura.

Mzaliwa Ukunda
Basi toa hesabu. Wangapi, kituo gani? Karatasi ya kura haina kabila.

Mama Gazi
Mwanangu wa Ukunda, usivunjike moyo. Wengi wetu tunakujua ni wa hapa. Mnazi Mmoja, ogopa Mungu.

Mdigo wa Doha
Naomba turudi. Mwalimu, unasema mtu si chama. Lakini Dori mwenyewe 2019 alikuwa hatarini kufukuzwa ODM pamoja na Aisha Jumwa, aliyekuwa mbunge wa Malindi, kosa kumshabikia Ruto. Aliomba radhi, akasamehewa. Kama mtu ndiye mwenye nguvu, mbona aliinamia chama?

Mwalimu wa Ramisi
Aliinama Nairobi. Huku hakuna aliyemuuliza. Alipofariki, watu walimtafuta Dori mwingine, wakamwona Feisal, aliyekuwa akifanya kazi naye na ni wa familia yake. ODM ilileta jina na rangi. Kinachoniuma mimi ni kingine: waliojiandikisha 2020 walikuwa karibu 69,000, na zaidi ya nusu hawakujitokeza. Hao hawakufuata chama wala mtu.

Kusi
Hawakujitokeza kwa sababu hawakupewa leso.

Mzaliwa Ukunda
Kusi, wewe umejiandikisha wapi?

Kusi
Likoni. Lakini mimi ni mtoto wa Kinondo.

Mama Gazi
Subhanallah! Kurasa zote hizi unatupima msimamo, na kura yako iko Mombasa! Hamisha kura uje tupange foleni pamoja.

Mdigo wa Doha
Mumpunguzie. Hata mimi hapa Qatar 2022 niliruhusiwa kupiga ya rais pekee. Mbunge wangu siwezi kumchagua wala kumtoa, na pesa ya karo ya wadogo zangu inatoka huku.

Kijana wa Nguluku
Nimesoma kuanzia juu, leso na bara, bara na leso. Sisi wazee wetu walihamishwa Nguluku na Maumba kupisha kampuni ya madini ya Base Titanium, wengine wakapelekwa Bwiti. Uchimbaji umekwisha Disemba 2024. Ajira zimeisha, mashimo yamebaki. Mgombea wa 2027, wa chungwa la ODM, wa wilbaro ya UDA au huru, nitamuuliza: ile ardhi inarudi kwa nani, na hati itaandikwa jina gani?

Mnazi Mmoja
Hilo ni la serikali ya kitaifa, mbunge atafanya nini?

Kijana wa Nguluku
Atalisema bungeni, Hansard, ile kumbukumbu rasmi ya Bunge, iandike. Akishindwa hata hilo, asije Nguluku kuomba kura.

Mwalimu wa Ramisi
Na waliohamishwa miaka ile, kura zao sasa wanapiga wapi? Anayejua aandike hapa.