Kijana wangu anacheza laini ya mbele, kocha mpya wa Ohio State kamvunja moyo. Nilipie kambi ya Juni?

Baba Tausi:
Wakuu, salaam. Naombeni ushauri, na tafadhali msinicheke.

Mimi ni mtu wa Tanga, nipo Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, mwaka wa 11 sasa. Mpira ninaoujua ni ule wa Coastal Union. Huu wa Kimarekani, wa kubeba mkononi, nimeujulia kwa kijana wangu wa miaka 15, mwenye mwili wa babu yake aliyekuwa mpagazi bandarini. Shuleni wamempanga laini ya mbele, yaani wale majitu watano wanaomkinga kwotabaki, yule mrusha mpira, asiangushwe. Mechi nzima hagusi mpira, anarudi nyumbani vidole vimechubuka, na anacheka.

Tangu mwaka jana ananiomba nimlipie kambi ya siku moja ya Ohio State, chuo kikuu cha hapa mjini, mwezi Juni, ili kocha wa laini amwone. Nimedunduliza hela za zamu za usiku. Sasa, mwanzoni mwa 2025, kocha huyo, Justin Frye, kaondoka kwenda timu ya kulipwa ya Arizona Cardinals, na nafasi yake kachukuliwa Tyler Bowen. Nyumbani kumekuwa kama matangani. Kijana anashinda kwenye simu akisoma malalamiko ya mashabiki: huyu Bowen ni kocha wa taiti-endi (mchezaji wa pembeni mwa laini anayezuia na pia kudaka mpira), huyu alipokuwa chuo cha Virginia Tech hakufanya kitu. Jana kaniambia, "Baba, hela zihifadhi tu, labda twende kambi ya Michigan." Michigan ndio mahasimu wakubwa wa Ohio State, na anayeishi mji huu anajua neno hilo lina uzito gani. Mama yake kamwambia asilirudie jirani akisikia.

Nilipie au nisubiri?

Kipara wa Moro:
Michigan?! Mkuu, hiyo ni sawa na mtoto aliyezaliwa Jangwani kuomba jezi ya Msimbazi. Mwitishieni kikao cha ukoo.

Goti Bovu:
Baba Tausi, usimsikilize Kipara. Mimi nilicheza laini sekondari hapahapa Ohio mpaka goti likakataa, kwa hiyo hili nitaliongea kwa urefu kidogo.

Mashabiki wetu wana usahaulifu wa makusudi. Oktoba 12, 2024 tulifungwa na chuo cha Oregon 32-31, na Josh Simmons, takoli wa kushoto (mlinzi wa mwisho wa laini upande huo), akaumia goti. Huyo ndiye anayelinda mgongo wa kwotabaki anayerusha kwa mkono wa kulia. Akipitwa, mwenzake anapigwa bila kumwona anayempiga. Ikabidi Donovan Jackson, ambaye ni gadi (anayesimama ndani ya takoli), ahamishiwe pale katikati ya msimu. Novemba, senta (wa katikati ya laini) Seth McLaughlin akakatika kano ya kisigino. Halafu Michigan wakaja kutufunga 13-10 nyumbani kwetu. Wiki ile mji mzima ulimtaka Frye afukuzwe, nami nilikuwemo, sijisafishi.

Laini ileile ya viraka ikawapiga Tennessee 42-17, ikawarudia Oregon 41-21, ikawatoa Texas 28-14, na Januari 20, 2025 pale Atlanta tukawafunga Notre Dame 34-23 tukabeba ubingwa wa taifa wa vyuo. Leo waliomtukana Frye ndio wanaomlilia.

Sasa Bowen. Kwanza, yeye mwenyewe alicheza laini alipokuwa chuo, Maryland. Katika chuo cha Penn State alifundisha taiti-endi kuanzia 2018 hadi 2020, na nafasi hiyo si ya mbali kama watu wanavyodhani, maana anayeicheza anasimama bega kwa bega na takoli na sehemu kubwa ya kazi yake ni kuzuia watu. Desemba 2019 alikabidhiwa mashambulizi yote ya Penn State kwenye Cotton Bowl, mechi kubwa ya kufunga msimu. Wakawafunga Memphis 53-39, mkimbiaji wao Journey Brown akakimbia yadi 202. Yadi 202 hazikimbiwi na mtu mmoja. Kuna majitu mbele yake yalimfungulia njia. Mwonyeshe kijana mechi hiyo, lakini mwambie asimtazame mwenye mpira, atazame miguu ya wale watano.

Mkenya wa Dayton:
Goti Bovu umeongea vizuri ila umeruka Virginia Tech kama mtu anayeruka mtaro. Miaka mitatu Bowen alikuwa mratibu wa mashambulizi huko, 2022 hadi 2024. Msimu wa kwanza walishinda mechi tatu tu, wa mwisho wakashinda sita na kufungwa saba. Sawa, mkimbiaji wao Bhayshul Tuten alivuka yadi 1,000 mwaka 2024. Lakini bingwa wa taifa ana haki ya kutafuta kocha mwenye jina kwenye laini yenyewe. Mashabiki hawajakosea kuuliza.

Ila hilo ni la mashabiki, si la mtoto wa miaka 15.

Goti Bovu:
Nakubali ya Virginia Tech. Sikuiruka, nilichoka kuandika.

Mama Shani:
Mnabishana matokeo, baba wa watu kauliza habari ya hela.

Baba Tausi, hesabu miaka. Frye alikuja 2022 kuchukua nafasi ya Greg Studrawa, akakaa misimu mitatu, kaondoka. Kijana wako atamaliza shule 2027 au 2028. Kocha atakayemkuta chuoni, kama Mungu akijalia afike huko, huenda sasa hivi anafundisha chuo kingine kabisa. Kwa hiyo usilipe kwa ajili ya Bowen, wala usiache kwa ajili yake. Kaa na kocha wake wa shule, muulize kama miguu na mikono ya mtoto imefikia kiwango cha kupimwa. Akisema bado, hela isubiri mwaka kesho. Akisema tayari, lipa.

Na simu aiweke jikoni ikifika saa tatu usiku. Kwangu ndivyo tunavyofanya.

Baba Tausi:
Nawashukuru sana. Kocha wa shule kasema aende, ila azoeze kushuka chini zaidi, anasimama wima mno. Jana tumeitazama Cotton Bowl hiyo. Nikamwambia, "Mtazame Journey Brown, lakini usimtazame." Kanikodolea macho: "Baba, Journey Brown umemjulia wapi?" Sikumwambia.

Tumelipa. Sasa viatu: anavaa namba 15 ya huku. Anayejua duka la bei ya kibinadamu karibu na Morse Road anijulishe.

Kipara wa Moro:
Namba 15! Hicho si kiatu mkuu, ni ngalawa.