Baada ya tetemeko: uchaguzi uahirishwe au uendelee?

Kisiwa: Uturuki, 6 Februari 2023: matetemeko makubwa mawili ndani ya siku moja, mikoa 11 imeathirika, zaidi ya watu 50,000 wamekufa. Tarehe 14 Mei wakapiga kura vilevile. Nasema wangeahirisha. Miezi mitatu haitoshi kusafisha daftari la wapigakura. Aliyefukiwa na kifusi bila cheti cha kifo bado yumo.

Bomani: Waahirishe kwa sheria ipi? Ibara ya 78 ya katiba yao inataja vita tu. Ukivuka hapo, unamkabidhi kalamu ya kupanga tarehe aliye madarakani, naye ni mgombea. Halafu jina la marehemu si kura hadi mtu asaini mbele ya kamati ya sanduku, yaani wasimamizi wa kituo, ambamo wamo wawakilishi wa vyama. Tatizo ni pale kamati yenyewe inapokosa watu. Wenyeviti wengi ni watumishi wa umma, nao walikuwa wahanga pia.

Mama Daftari: Mnabishana kuhusu marehemu, mmewasahau walio hai. Waliohama walipewa hadi 2 Aprili kubadilisha anwani. Kati ya mamilioni waliohama, waliobadilisha ni kama 133,000. Sababu iko wazi: ukihamia Ankara unamchagua mbunge wa Ankara, si wa Hatay, mkoa wako ulioanguka. Wengi walirudi kwa mabasi siku ya kura. New York mwaka 2012, baada ya kimbunga Sandy, waliohama waliruhusiwa kupiga kituo chochote ndani ya jimbo zima la New York. Kura yao ikahesabiwa kwa rais, ila wagombea wa mtaani kwao wakaikosa.

Bomani: Afadhali nusu kura kuliko nauli.

Fundi Kituo: Na vyumba? Shule zilipoanguka, vituo vikahamia kwenye makontena. Kontena lina mlango mmoja, wanaoingia na wanaotoka wanabanana; toboa wa pili. Karatasi ya wabunge ilikuwa na vyama 24, ndefu kweli, hivyo weka meza ya kuikunjia isije ikachanika kabla ya bahasha. Kituo kinafunga saa 11 jioni na kuhesabu kunaanza papo hapo. Bila jenereta na mafuta ya akiba mtasaini fomu kwa tochi ya simu, na hapo ndipo tarakimu zinapokosewa.

Kisiwa: Basi tufuate Kenya. Kifungu cha 55B cha Sheria ya Uchaguzi kinairuhusu IEBC, tume yao ya uchaguzi, kuahirisha uchaguzi wa jimbo la ubunge, kaunti au wadi moja kwa sababu ya maafa.

Mama Daftari: Mkuu, soma mpaka mwisho. Kifungu hichohicho kinairuhusu kutangaza mshindi bila kuwasubiri wapigakura wa eneo lililoahirishwa, ikiridhika kwamba kura zao hazitabadilisha matokeo. Wadi iliyofurika itapanga foleni mshindi akiwa keshajulikana. Nani atatoka kwenda kupiga kura?